Mganga si Mchawi: Miaka Mia Moja ya Kumtafutia Shosho Yangu Ofisi

Wiki mbili zilizopita niliweka video ya shosho yangu akichubua gome la mti wa muthiga huko ushago, Nyeri. Sekunde arobaini na tano tu. Hakuna muziki, hakuna filta, ni yeye na kipanga chake, kitambaa kichwani, anauongelesha mti kama mtu anayemwomba jirani chumvi. Nilidhani itaonwa na familia na wale wasee wangu wa kila siku. Kuamka asubuhi, meseji zimejaa mpaka simu inakwama.

Zilikuwa za aina mbili. Wa kwanza waliandika: huyo mama ni mchawi, mpelekeni akaombewe. Wa pili waliandika: ni pesa ngapi, na mnatuma mpaka Mombasa? Kuna mmoja aliandika yote mawili kwa meseji moja. Naapa.

Nilimpigia shosho nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Hao wa kwanza wanaongea kama wale waliomfanya mama azike kibuyu chake."

Sikuwa nimewahi kusikia habari ya kibuyu. Na mimi ndiye ninajiita mtu wa historia hapa.

Kwa hivyo leo si ushauri wa dawa. Ukitaka dozi ya kitu chochote, hii posti si yako. Leo nataka tuongee kuhusu vile Kenya imekaa zaidi ya miaka mia moja bila kuamua mtu kama shosho yangu ni nani. Na vile hiyo kutoamua imeumiza watu, wakiwemo watu wa nyumba yetu.

Neno lenyewe

Sema "mganga" hapa Nairobi uone sura za watu. Kila mtu anawaza ile karatasi kwenye nguzo ya stima: mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anaondoa mikosi, anashinda kesi, nambari ya simu hii hapa.

Sasa vuka Namanga. Mwaka jana nilienda Arusha na rafiki kushuti harusi, tukapita kibao cha serikali kimeandikwa Mganga Mkuu. Nilicheka sana. Dereva akanitazama kwenye kioo, akaniuliza kwa upole, "Sasa mdogo wangu, unacheka nini?" Kule Mganga Mkuu ni daktari. Mwenye digrii, koti jeupe na mhuri. Wilaya ina wake, mkoa una wake, na nchi nzima ina Mganga Mkuu wa Serikali. Lugha ni ileile na neno ni lilelile. Huku kwetu limebandikwa kwa nguzo, kule limeandikwa kwenye mlango wa wizara.

Na neno hili ni kongwe kuliko huo mpaka. Nenda Congo utasikia nganga. Nenda kwa Wazulu utasikia inyanga. Kuganga ni kutibu. Wewe mwenyewe umeliandika kwa insha ukiwa darasa la sita: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hakuna mwalimu aliyekwambia hiyo methali ina uchawi ndani.

Basi ilikuwaje neno la kutibu likawa tusi?

Sheria ambayo haikujua tofauti

Watu wetu walikuwa na maneno mawili kwa sababu walikuwa wanaongea kuhusu watu wawili. Wakikuyu wana mundu mugo, anayetibu, na wana murogi, anayeua kwa sumu na uchawi. Wakamba wana mundu mue na wana muoi. Waluo wana ajuoga na wana jajuok. Kazi ya wa kwanza, kwa sehemu kubwa, ilikuwa kukulinda na wa pili. Kuwachanganya ni kama kusema polisi na mwizi ni kitu kimoja kwa sababu wote wanatembea usiku. (Najua, najua. Tuendelee.)

Wakoloni walikuja na neno lao moja la Kiingereza ambalo ukilitafsiri sisisi ni "daktari wa uchawi". Neno moja likabeba watu wawili. Mwaka 1909 wakatunga sheria ya kwanza ya uchawi hapa, na mwaka 1925 wakaleta ile kubwa, Sheria ya Uchawi. Ukijitangaza kuwa huyo daktari wa uchawi mwenye uwezo wa kuwatia watu hofu, kuwasumbua au kuwadhuru, unafungwa. Kupatikana tu na vitu vinavyohesabiwa kuwa vya uchawi kunaweza kukuletea kesi.

Niseme ukweli: sheria yenyewe haikutaja majani wala mizizi. Mama anayechemsha gome la kikohozi hakuwa na kosa kwenye karatasi. Shida ni nani aliamua huyu ni mama wa kikohozi na yule ni daktari wa uchawi. Aliyeamua ni chifu, au askari, au mzungu wa boma ambaye hakujua lugha. Na kazi ya waganga wengi haikuwa majani peke yake. Mundu mugo alikuuliza umekosana na nani, akachinja mbuzi, akatupa mbegu zake akasoma, halafu ndiyo akakupa gome. Ukitaka kumfunga, sababu haikosekani.

Sitaki pia kuwafanya wakoloni wawe wajinga tu, kwa sababu uchawi ulikuwa unaua watu kweli, angalau kwa njia hii: mtu akishukiwa, anauawa. Ukambani, wanaume walimpiga mpaka akafa mama mmoja aliyeshukiwa kumroga mke wa mmoja wao. Mwaka 1932 watu 60 wakahukumiwa kunyongwa kwa kosa hilo moja. Sitini! Kelele zikafika mpaka London, na baadaye hukumu za kifo zikabadilishwa zikawa vifungo. Kwa hao wanaume walikuwa wanatekeleza sheria ya kwao. Kwa mahakama walikuwa wauaji, na kwa upande huo mimi niko na mahakama. Lakini serikali ikatoka pale ikiwa na somo moja tu kichwani: haya mambo yote ni giza, yafungiwe pamoja.

Upande mwingine kulikuwa na misheni. Thogoto, Tumutumu, Maseno, Kaloleni: hospitali na kanisa kwenye boma moja. Hizo hospitali ziliokoa watu wengi sana, na sitadharau hata moja. Lakini mlangoni ulitakiwa uache kitu. Ukibatizwa, unaacha mganga, na kwa wahubiri wengi mganga ni yeyote mwenye kibuyu. Mama yake shosho alikuwa na kibuyu.

Kibuyu

Nilienda ushago wikendi hiyo kuuliza vizuri. Shosho ana miaka themanini na kitu. Tulikaa jikoni, moshi unaniumiza macho, yeye hata haoni kama kuna moshi.

Mama yake hakuwa mundu mugo wa mbuzi na mbegu, akasema. Alikuwa mama wa watoto na wazazi: tumbo, kikohozi, maziwa kukataa kutoka, mtoto kugeuka vibaya tumboni. Dawa zake alizitunza kwenye kibuyu kilichokuwa cha mama yake. Alibatizwa na kibuyu hakuacha, alikisogeza tu nyuma ya kitanda.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Mau Mau walikuwa wanalisha watu kiapo, na serikali ikaogopa kiapo kuliko bunduki. Mwaka 1954 Wakikuyu wakaanza kuhamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, watu wakapangwa kwenye vijiji vya lazima vyenye mahandaki na askari mlangoni. Kila mzigo ulipekuliwa. Mama na kibuyu chenye unga usiojulikana, mizizi, na ngozi ya mbuzi? Huyo ni mlisha kiapo. Hakuna wa kumsikiliza akieleza ni dawa ya tumbo.

Usiku kabla ya kuhama alichimba shimo akakizika. Shosho, mtoto wa miaka kama kumi, alishika taa.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma. Wakati huohuo, serikali ileile iliyoweka sheria ya 1925 ilikuwa imewakodi waganga. Kweli kabisa. Walitafuta waganga wa Kikuyu wakawazungusha vijijini kuwasafisha watu waliokula kiapo, mbele ya machifu, kwa kutumia jiwe la githathi, lile la matundu saba ambalo mtu akiliapia uongo anaaminiwa atakufa. Wazungu wenyewe walikuwa na jina la utani kwa hao watu: waganga wa Malkia.

Yaani mganga alikuwa haramu mpaka pale serikali ilipomhitaji. Na aliyehitajiwa si mama wa dawa ya tumbo. Ni mwenye jiwe la kutisha watu. Sheria ilisema inapiga vita kuwatia watu hofu, lakini wakati wa shida hofu ndiyo waliyonunua, na dawa ikabaki ndani ya shimo.

Mjukuu wa mganga anakuwa rais

Ungedhani Uhuru ungerekebisha hii. Kwanza kwa sababu ya nani alichukua kiti.

Jomo Kenyatta alitoa kitabu mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*, kilichotokana na masomo yake London chini ya Malinowski. Ndani kuna sura nzima ya uganga na tiba za Wakikuyu. Na mwanzoni kabisa anaeleza alikojulia hayo mambo: babu yake alikuwa mganga, na yeye akiwa mtoto alitembea naye akimbebea mkoba wa vifaa. Rais wa kwanza wa Kenya alikuwa mbeba mkoba wa mganga. Halafu huyohuyo akatibiwa na kusomeshwa na misheni pale Thogoto. Vyote viwili ndani ya mtu mmoja, kama watu wengi wa nchi hii.

Sheria ya 1925 haikufutwa. Ilivuka 1963 na iko kwenye vitabu hadi leo. Kenyatta aliiacha, Moi akaiacha, na waliofuata nao.

Kitu kilichobadilika ni ofisi. Mwaka 1978 dunia ilikutana Alma-Ata, Kazakhstan, kwa mkutano mkubwa wa afya ya msingi, ikakubaliana kwamba waganga wa jadi na wakunga wana nafasi yao kwenye afya ya watu. Hapa kwetu KEMRI ikaanzishwa mwaka 1979, na mwaka 1984 ikapata kituo chake cha kutafiti dawa za jadi. Safi. Lakini shosho akitaka kutambuliwa kama mtu anayefanya kazi, hakuelekezwa Afya. Alielekezwa Utamaduni.

Ana cheti chake. Kimekunjwa mara nne ndani ya bati la majani ya chai. Anasema siku alipoenda kukichukua, kwenye foleni mbele yake kulikuwa na kikundi cha wacheza ngoma na nyuma yake mtu wa vinyago. Karani hakumuuliza unatibu nini, unapimaje, ukishindwa unampeleka mgonjwa wapi. Aliulizwa kabila na kata.

Nilipoona hicho cheti nilielewa kitu. Mkoloni alimwita mchawi. Sisi tukamwita mcheza ngoma. Ni afadhali, sawa, hafungwi. Lakini hakuna aliyemuuliza swali la dawa.

Pengo likiachwa wazi, kuna mtu ataingia

Nchi isiyo na njia ya kupima mganga haipati waganga wachache. Inapata waganga wengi, wa kila aina, na huwezi kuwatofautisha.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na mimi pia. Miaka ya tisini UKIMWI unamaliza watu na dawa hakuna. Mwaka 1990 serikali, Moi mwenyewe akiwa mbele, ikatangaza Kemron kutoka KEMRI. Hiyo haikuwa ya miti, ilikuwa ya maabara kabisa. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida. Mwaka 1996 ikaja Pearl Omega ya Profesa Arthur Obel, iliyosemekana ni ya mimea, na watu wakauza mashamba kuitafuta. Haikuthibitishwa kamwe. Zote mbili zilitoka kwa watu wenye makoti meupe. Kwa hivyo koti si kipimo, kama vile kibuyu si kipimo. Kipimo ni kupimwa.

Halafu 2011, Loliondo, hii wengine mnaikumbuka. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kijiji cha Samunge, kaskazini mwa Tanzania, anatoa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500 za kule. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita. Wakenya walienda kwa mabasi, wenye doo wakaenda kwa helikopta. Wagonjwa wengine walitolewa wodini kupelekwa huko, na kuna waliofia kwenye foleni. Bei ilikuwa ndogo, na sidhani mzee alikuwa mwizi. Lakini watu waliacha dawa zao za kila siku kwa sababu walikunywa kikombe, na virusi havijui habari ya kikombe.

Nyumbani kwetu ilikuja kwa njia nyingine. Anko wangu ana kisukari. Miaka mitatu iliyopita aliingia duka moja la dawa za miti hapa mjini. Vioo vizuri, mtu wa koti jeupe, mashine ya kushika mkononi inayosoma "mwili mzima" kwa dakika mbili, na ukutani cheti kwenye fremu. Akauziwa mikebe minne ya unga. Akaambiwa aache sindano ili unga ufanye kazi. Aliziacha. Wiki ya tatu tulimbeba hajitambui, na baada ya miezi michache akakatwa vidole vitatu vya mguu.

Nilipomwambia shosho alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Sio kwamba anko alienda kwa dawa za miti. Ni kwamba alipokuja kwake kwanza, yeye alimkataa. "Nilimwambia sukari mimi sijui. Nilimwambia arudi kwa daktari. Akaona nimezeeka."

Na yeye mwenyewe kila mwezi anashuka zahanati kuchukua tembe za presha. Mganga hajigangi, anasema, halafu anacheka.

Kile cheti kwenye fremu dukani, nilikipiga picha siku tulipoenda kudai pesa. (Hatukurudishiwa.) Kilikuwa cha Utamaduni. Sawasawa na cha shosho, karatasi ileile. Anayejua mipaka yake na asiyekuwa na mipaka, serikali imewapa karatasi moja. Wewe mgonjwa utajuaje?

Vile gome linavyosafiri bila mwenyewe

Sasa kuna wale wataniambia, achana na hayo mambo ya kale, sayansi ndiyo kila kitu. Poa. Twende na sayansi.

Zile tembe za njano za malaria, AL, ulizomeza mara sijui ngapi? Zina dawa inayotokana na artemisinin, na artemisinin ni ya majani ya pakanga. Mchina aitwaye Tu Youyou aliipata kwenye mradi wa siri wa jeshi ulioanza 1967. Alikwama mpaka akarudi kusoma kitabu cha tiba cha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kilichosema loweka kwenye maji, ukamue unywe. Akawaza: hawakuchemsha. Labda moto ndio unaharibu. Akatumia njia ya joto la chini, ikafanya kazi. Mwaka 2015 akapewa Nobel. Hana PhD, kwa taarifa ya wanaonitumia meseji kuhusu kuacha chuo.

Angalia alichofanya. Hakuabudu kitabu cha kale na hakukichoma. Alikipima.

Kwetu pia imefanyika, nusu nusu. Gome la muthiga likitafunwa linawasha kama pilipili, shosho anakupa ukiwa na kikohozi au jino. Miaka ya 1970 wanakemia waliokuwa na uhusiano na ICIPE hapa Nairobi walitoa ndani ya miti ya jamii hiyo vitu vinavyoua kuvu na vinavyofanya viwavi jeshi wagome kula. Kimoja wakakiita muzigadial, kutokana na jina la mti, muziga. Nilikutana nalo nikiwa mwaka wa kwanza wa biokemia, kabla karo haijanitoa, na nilikaa na hilo neno kwenye skrini nikitabasamu kama mjinga. Jina la mti wetu limeingia kwenye kemia. Majina ya akina shosho wanaoujua mti huwa hayafiki huko.

Na wakati mwingine hata mti haubaki. Kuna muiri, gome lake linatumika vijijini kwa tumbo na homa. Mwaka 1966 Mfaransa alisajili haki ya kutumia gome hilo kwa tatizo la tezi dume, na kuanzia hapo magome ya Afrika, yakiwemo ya Kenya, yakaanza kusafiri Ulaya kwa matani. Shosho akichubua mti anatoa kipande cha ukubwa wa kiganja, upande mmoja, anahamia mwingine. Mti unapona. Wachubuaji wa biashara walizungusha panga pande zote, na mti ukichubuliwa hivyo unakufa. Katikati ya miaka ya 1990 muiri ukaingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake lazima idhibitiwe.

Mti ulipata sheria ya kuulinda. Shosho bado ana cheti ndani ya bati.

Sasa?

Karatasi nzuri tumeandika. Katiba ya 2010 inatambua sayansi na teknolojia za jadi. Mwaka 2016 tukapata sheria ya kulinda maarifa ya jadi, ili mtu asichukue kitu cha jamii bila ruhusa. Sheria ya Afya ya 2017 ikasema kitu ambacho hakikuwa kimesemwa hivyo: tiba za jadi na mbadala ni jambo la Afya, na kiundwe chombo cha kusajili na kusimamia wanaozifanya. Wenzetu Tanzania walitunga sheria yao ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, wakaipa baraza lake. Na pale Muhimbili walianza kutafiti dawa za asili mwaka 1974. Hawajamaliza matapeli, msidhani. Lakini kule mganga wa miti ana mahali pa kwenda kuulizwa swali la dawa.

Mimi nataka hilo tu. Mtu aulizwe swali la dawa. Unatibu nini? Mmea gani, sehemu gani, kiasi gani? Nani hutakiwi kumpa? Ukiona dalili gani unamtuma hospitali? Shosho angejibu yote akiwa anachambua maharagwe. Yule wa mikebe minne asingejibu la pili.

Na ile ya 1925 irekebishwe iwe na maneno mawili, kama lugha zetu. Huko Kilifi na Kisii wazee bado wanauawa kwa sababu jirani amesema ni wachawi. Mara nyingi ni mzee anayeishi peke yake, na kinachoitwa ushahidi ni mizizi iliyopatikana nyumbani. Kila ukimwita mama wa miti mchawi kwa mzaha kwenye simu yako, kumbuka kuna mahali huo mzaha unachoma nyumba.

Nimeanza kumwandika shosho. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Yeye anataja mti kwa Kikuyu, ninapiga picha ya jani, ua na gome, ninaandika vile anavyosema. Tumefika miti 31. Mwanzoni nilitaka kuweka yote mtandaoni. Alikataa. "Uwaoneshe mti. Kipimo usiwape. Mtu akikosea kipimo ni mimi nimeua." Kwa hivyo nyinyi mnaouliza bei na dozi, hilo ndilo jibu, na mwenye kujibu ni yeye.

Nilimuuliza pia kama anakumbuka kibuyu kilizikwa wapi. Tulitembea mpaka huko, polepole, ameshika mkono wangu. Sasa hivi ni shamba la kahawa la watu wengine. Alisimama kwenye mpaka, akaangalia mistari ya miche, akanyoosha kidole upande mmoja, akakirudisha.

"Hapa," akasema. "Au pale."

Halafu akaona thabai imeota kwenye ua, akaniambia nichume kwa uangalifu, inawasha, tutaipika na mukimo jioni.